Kiti Changu Katika Mimea ya Asili

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mwenyekiti wa bustani ya mtaa kanipa onyo. Ati kipande changu kimekuwa pori. Nisipokisafisha kufikia Jumamosi atampa jirani yangu wa bustanini, Fundi Saa, ambaye nyanya zake zimejipanga kama askari wa gwaride. Mwenyewe alisimama nyuma ya Mwenyekiti akitikisa kichwa, ati anasikitika. Mnafiki!

Hawajui kitu. Katikati ya pori lile kuna kiti changu cha kukunja. Magugu yamenipita kimo, nikikaa sionekani. Nyumbani yuko mama mkwe, aliyekuja kukaa wiki moja na sasa ni mwezi wa tano. Mbele yake siwezi kujinyoosha, sembuse kukoroma. Kila Jumamosi huniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini wenzangu kazini wanapandishwa vyeo. Nikinyang'anywa kipande kile nimekwisha.

Jumatano, 5 Machi
Kichwa changu hiki kilistahili mshahara wake peke yake! Nimemwambia Mwenyekiti lile si pori, ni sehemu ya mimea ya asili. Nimeacha kulima makusudi, ili mimea ya mababu zetu irudi yenyewe. Macho yakamtoka. Akasema kumbe nafanya jambo la maana kimyakimya na wao wakanidhania mvivu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Fundi Saa akauliza ule wenye miba unaitwaje. Nikamjibu unaitwa Subira ya Bibi. Akarudi kwenye nyanya zake. Moja bila!

Ijumaa, 7 Machi
Mwenyekiti kapagawa. Kesho analeta mtaalamu wa mimea, na wanachama wote wamealikwa. Nimeandika vibao: Subira ya Bibi, Sikio la Mjomba, Ndevu za Hakimu. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja wenye ua. Nikachukua ua jekundu la sebuleni, lile la plastiki alilotuletea mama mkwe, nikalichomeka ardhini na kulinyunyizia maji. Limependeza mno! Kibao chake: Malkia wa Bonde, Adimu Sana.

Jumamosi, 8 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Mtaalamu, mama mmoja mpole mwenye miwani, alipita kibao baada ya kibao. Subira ya Bibi imetoka ng'ambo. Sikio la Mjomba vilevile. Pori zima ni wageni watupu! Jasho likanitoka. Lakini alipofika kwa Malkia wa Bonde akapiga magoti, akatamka kwamba hajawahi kuona kitu kama hiki. Nikapumua. Fundi Saa akanuna.

Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Mkwe wangu, hilo si ua langu la mezani? Nimelitafuta tangu jana!"

Mke wangu, kwa kujivunia mume, alikuwa kamleta mama yake aje anione. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi Saa aliishiwa nguvu kwa kicheko, akajitosa magugumini atafute pa kukaa. Akakaa kwenye kiti changu.

Kipande kimekwenda. Angalau hakikwenda kwake. Mama mkwe, kwa aibu niliyomtia, alikunja mikono ya gauni akaanza kung'oa magugu papo hapo, na Mwenyekiti akamkabidhi yeye sehemu ile aoteshe miche ya asili ya kweli. Kila Jumamosi, kutwa nzima. Dunia haina haki!

Jumamosi, 15 Machi
Mama mkwe kaondoka asubuhi na jembe. Mke wangu kamfuata na miche. Nyumba imetulia tuli, redio imezimwa, nami nimejinyoosha kwenye kochi, miguu juu ya mto.

Lakini nitatuliaje wakati nimeporwa? Nimeanza mapambano. Nitamwomba Mwenyekiti kipande kingine, cha kufugia konokono wa asili, penye majani marefu. Hotuba naifanyia mazoezi kwa sauti. Mwanamume lazima apate mahali patulivu pa kulala Jumamosi, na mimi sitapumzika mpaka nipapate. Mazoezi yanakwenda vizuri sana. Tangu asubuhi hakuna hata mtu mmoja aliyenisumbua.