Vichwa Viwili vya Sindano

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano wa Chama cha Wapenda Santuri. Binti wa Mwenyekiti anaolewa Jumamosi, na muziki ni juu yetu. Nani atakaa kwenye mashine ya santuri? Mimi, bila shaka! Lakini mwenzetu Daktari wa Meno kaja na kichwa kipya cha sindano, kile kidude kinachoisoma santuri, kikapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Wote wakasema loo! Mimi sikusema loo. Nikasema sauti haipimwi kwa macho, nipeni changu na chake nivipime kitaalamu. Mwenyekiti kakubali: mwenye kichwa bora ndiye atakayepiga. Daktari kanikabidhi chake papo hapo, na asante juu. Mtu huyu hana hila hata chembe. Inaudhi.

Jumanne, 4 Machi
Kipimo chenyewe rahisi. Santuri ya majaribio inatoa mlio mmoja tu, unaanzia chini kabisa kwenye besi, unapanda hadi kwenye sauti za popo. Kompyuta inachora mstari. Mstari ukinyooka, sindano haina upendeleo. Nimeanza na changu. Kilima kikubwa upande wa besi! Asubuhi nzima nahangaika. Kumbe ni cherehani ya mke wangu, tunatumia meza moja. Nimemwomba aache kidogo. Kasema gauni la bi harusi halijishoni lenyewe. Nimehamia stoo.

Jumatano, 5 Machi
Stoo kimya. Mstari wa Daktari: shuka iliyopigwa pasi. Wangu: umekwenda vizuri hadi katikati, kisha ukaporomoka kama mtu aliyekosea ngazi. Nimesafisha sindano. Nimebadilisha waya. Wapi! Umeporomoka zaidi. Mke wangu kachungulia, kauliza huo unaoporomoka ni wa nani. Nimemwambia asiingilie sayansi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebadilisha majina kwenye michoro. Kazi ndogo tu ya kalamu. Mwenyekiti kaitazama, kaniita mtaalamu. Daktari kanipa mkono, kasema amejifunza mengi. Nimemrudishia kichwa chake na kumfariji.

Jumamosi, 8 Machi
Harusi. Wimbo wa kwanza, mwimbaji kama kafunikwa blanketi. Bibi wa bi harusi akauliza redio iko chumba gani. Nikasema ni spika. Kisha nikasema ni ukumbi. Daktari akanisogelea, akaninong'oneza, "Ndugu yangu, changu ninacho mfukoni. Tujaribu tu." Nikamjibu kwa sauti kwamba chake kilishindwa, michoro ipo! Mwenyekiti akanishika bega, akaninyanyua kitini taratibu, mbele ya wakwe zangu walioalikwa. Daktari akakifunga kichwa chake kwenye mashine. Ukumbi mzima ukainuka. Mke wangu alicheza na mama yake hadi viatu vikawekwa kando. Mimi nilibaki kulinda maboksi. Kwenye wimbo wa tatu nikasikia filimbi, nyembamba, nzuri, ndani ya santuri yangu mwenyewe niliyoipiga tangu ujana. Sikujua kama imo. Nikatoka nje nikasimama kwenye maegesho.

Jumapili, 9 Machi
Daktari kaja kunijulia hali. Kakaa ukingoni mwa kiti, kasema, "Labda ile michoro ilipishana tu, ndugu yangu. Hutokea." Mke wangu akanitazama. Ilibaki niseme ndiyo, yaishe, tunywe chai. Nikasema mimi sipishanishi! Nikasema kichwa chake kina hitilafu ya ajabu, kinasikika kizuri wakati si kizuri, na aniachie wiki nzima nikichunguze. Kaniachia! Na pole kanipa. Alipotoka mke wangu kasema tu, "Wewe baba, Mungu anakuona," akaingia chumbani.
Nimeviweka mezani pamoja. Umbo moja, ukubwa mmoja. Chake chekundu, changu cheusi, basi. Kopo la rangi nyeusi nimeshalifungua. Jekundu nitalipata kesho.