Kituo Kipya cha Kura cha Upande wa Mashariki

Waheshimiwa makamishna wa Kaunti ya Tamarack, Mkuu wa Zimamoto, Mchungaji, wake wa waheshimiwa, na mimi mwenyewe, Clyde Wendorf, Mwenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi kwa awamu ya nne mfululizo. Itifaki zilizobaki zijizingatie zenyewe! (Makofi ya makamishna.)

Mtakumbuka kwamba uchaguzi uliopita Bi Earline Stokes, yule pale mwenye mkongojo, alipanga foleni kwenye mvua tangu asubuhi, magoti yakamshinda, akarudi nyumbani bila kupiga kura. (Bi Earline: "Nakumbuka sana! Wewe ulikuwa wapi?") Ndipo Profesa Rosalind Achterberg wa chuo cha sheria, mama asiyejua kuchoka wala kunyamaza, alipotuambia kwamba kituo kimoja kwa mashariki yote ni aibu, tufungue cha pili hapa hapa kwenye jengo la zimamoto. Nami, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana Ohio nzima, niliunda kamati, kamati ikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaandaa semina elekezi ya wadau kuhusu mchakato wa uboreshaji jumuishi wa miundombinu ya kidemokrasia, yenye donati, na leo hii asilimia mia moja na nne ya wapiga kura wameridhika! (Profesa: "Hao wanne wa ziada wametoka makaburini?" Kicheko kirefu.) Profesa, hizo ni takwimu za kitaalamu, tafadhali usiziingilie.

(Bi Earline: "Wee Clyde, acha maneno! Jumanne nije kupiga kura hapa, nisije?") Swali zuri mno, mama, na ndiyo maana ofisi yangu imekuandalia kibandiko cha "Nimepiga Kura", kile wanachopewa waliokwisha kupiga kura, ukibandike leo leo, usihangaike tena. (Miguno. Bi Earline anakibandika kwenye kipaza sauti.)

Foleni sifuri! Uadilifu kwanza! Tamarack juu! (Mtu anapiga chafya.)

Kwa kumalizia, nawashukuru vijana wa zimamoto kwa kutoa magari yao nje asubuhi hii ili tupate pahali pa kuzindulia. Naambiwa sasa wanataka kuyarudisha ndani, kwa hiyo tupishe mlangoni, na ule utepe wa uzinduzi msiutupe, ni wa kuazima. Jumanne kura ni kwenye kituo kile kile cha zamani. Bi Earline, mvua imetabiriwa, uje na kiti.