Cheti cha Mtumishi Ambaye Hakuwepo

Kwa Meneja wa Utumishi,
Kiwanda cha Sabuni.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPUNGUZWA KAZI MTU AMBAYE HAYUPO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na ofisi yako na ile feni yako inayokoroma kuliko mlinzi wa zamu.

Mimi si mgeni kwako, ingawa nasikia kwa mujibu wa kumbukumbu zenu ni mgeni kabisa. Nilikuwa mtunza masjala wa kiwanda hiki kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa faida ya vijana ambao huenda wakaisoma barua hii, masjala ni chumba cha majalada, na jalada ni maisha ya mtumishi yaliyotobolewa matundu mawili na kufungwa kamba. Lako nililifungua mimi siku ulipoanza kazi. Ile picha yako, uliyopiga umevaa tai ya mtu mwenye shingo nene kuliko yako, niliibandika kwa mkono wangu, na sikucheka mpaka ulipotoka.

Miezi mitatu iliyopita nilipunguzwa kazi. Sikugomba. Kiwanda kina wenyewe, na mtu mzima hagombani na mvua. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kazi nyingine, na Mungu si Athumani, nimeipata. Mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana amekubali nikamtunzie maktaba. Sharti lake ni moja tu: nimpelekee cheti cha utumishi kutoka kwa mwajiri wangu wa mwisho kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo, Jumatatu anamchukua mwingine. Leo ni Jumatano. Kwa hiyo nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa mke wangu anasema hicho ni kipaji nilichonyimwa tangu tumboni.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nimefika ofisini kwako mara nne kuomba cheti. Mara ya kwanza binti wa mapokezi aliniambia, "Shikamoo mzee, jalada lako halionekani, hebu subiri kidogo." Mara ya pili akasema, "Shikamoo mzee, bado." Mara ya tatu ilibaki shikamoo peke yake. Mara ya nne aliniuliza mimi ni nani na ninamtafuta nani. Sina ugomvi na binti huyu, maana amelelewa vizuri, lakini shikamoo haipigwi muhuri. Alinieleza kwa upole kwamba cheti hutolewa kwa kunakili yaliyomo kwenye jalada, na pasipo jalada hakuna cheti. Nikamwambia najua. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

2. Nimepata habari za kikao kilichotupunguza. Sikuzipata kwa kudukiza milangoni, bali kutoka kwa Bibi Birika, mama anayewachemshia chai, ambaye alikuwa ndani akimimina. Wajumbe walikuwa na majalada mezani wakiyagawa mafungu mawili, wanaobaki huku na wanaoondoka kule. Langu halikuwepo kwenye fungu lolote. Mjumbe mmoja akauliza, "Na yule mzee wa masjala je?" Mwenzake akamjibu, "Asiye na jalada hayupo. Tuendelee bwana, chai inapoa." Wakaniondoa. Chai yenyewe, kwa ushahidi wa Bibi Birika, ilikuwa bado inafuka moshi.

Sasa nauliza, na naomba unijibu kama mwanangu: mtu ambaye hayupo hupunguzwaje? Ukiwa na mayai kumi, ukaondoa yai ambalo halipo, yanabaki mayai kumi. Kwa hesabu hiyo mimi bado ni mtumishi wako halali. Ni kweli kwamba sijaonekana kazini kwa miezi mitatu, na hilo ni kosa kubwa la kinidhamu ambalo mimi mwenyewe nisingelivumilia kwa mtu mwingine. Niko tayari kupokea onyo la maandishi. Ila nakuuliza, onyo hilo litawekwa kwenye jalada gani?

3. Wiki iliyopita mlibandika tangazo getini: anatafutwa mtunza masjala, awe kijana, mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano. Niliomba. Niliandika maombi kwa mkono, mwandiko uleule ulioandika majina ya watumishi wenu wote, na siku ya tatu nikapata jibu. Nimekataliwa kwa sababu mbili kwenye karatasi moja: kwanza, kwamba umri wangu wa miaka hamsini na sita ni mkubwa mno, pili, kwamba sina uzoefu wowote wa kazi. Mlinzi wa getini, ambaye ndiye aliyenikabidhi barua na ndiye aliyeisoma kwa sauti bila kuombwa, alishika mbavu. "Kumbe mzee ulizaliwa jana na mvi zako!"

Nilikwenda nyumbani nikalitafakari jambo hili, na nimeona lina faida zake. Kama sijawahi kufanya kazi popote, basi sijawahi pia kuchelewa, kuugua, wala kusinzia mezani ile Ijumaa ya mkutano wa wafanyakazi. Mimi ni karatasi nyeupe. Naomba basi nipokewe kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Nitakaa kimya, nitabeba maji ya kunywa, nitawaamkia wakubwa zangu wenye umri wa miaka ishirini na miwili. Sharti langu ni moja tu, kwamba nifundishwe masjala na mtu anayeijua. Nimeulizia ni nani, nikaambiwa naye hayupo.

4. Tangu wiki ile mliyoniondoa, mgongo unaniuma upande wa kushoto, chini kidogo ya bega, hasa ninapoamka asubuhi. Katika miaka yote ya kubeba majalada sikuwahi kuumwa mgongo hata siku moja. Tabibu wa zahanati alinibonyeza, akanigeuza, akanibonyeza tena, halafu akasema, "Mzee, haya ni mawazo." Nikamuuliza mawazo gani yanayokaa bega la kushoto peke yake. Akaniandikia dawa ya kuchua. Mke wangu anasema dawa ni moja tu, nigeukie upande mwingine. Nimekataa. Kitanda hiki nimelalia upande huu tangu tufunge ndoa, na kama kuna mtu wa kugeuka ni yule aliyenidhulumu. Maumivu haya, kwa hiyo, nayaweka mezani kwako moja kwa moja, na naomba yaandikwe kuwa yametokana na kazi.

Hapohapo, kwa kuwa nimeitaja nyumba yangu, naomba niongeze jambo ambalo sikupanga kuliandika. Juzi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mtu ambaye hajawahi kudumu kwenye kazi yoyote zaidi ya kipindi cha mvua, alikaa sebuleni kwangu, akanitazama, akasema, "Lakini shemeji, hebu tuambie ukweli. Hii miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi ulikuwa unaaga unakwenda wapi?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana mwenye nyumba hawezi kununa mbele ya wageni. Lakini nilimwona mke wangu, Ndugu Meneja. Alicheka akachelewa kidogo. Mwanamke aliyenifungia chakula cha mchana kwa miaka thelathini na mmoja amefikishwa mahali pa kufikiri kidogo kabla ya kucheka. Mengine yote mnaweza kunilipa kwa samahani. Hilo sijui mtanilipa kwa nini.

5. Sasa nafikia kiini cha jambo. Jalada halina miguu. Katika masjala yangu kuna daftari jekundu, ambalo nililifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ili lenyewe lisije likaazimwa. Yeyote anayetoa jalada nje ya chumba kile, awe mfagizi au mkurugenzi, huandika humo jina la jalada na tarehe, kisha akatia saini. Katika miaka yote hiyo hakuna jalada hata moja lililotoka bila saini. Nilimwomba binti wa mapokezi, mara zote nne, aende akalifungue daftari lile. Alinijibu, "Mzee wangu, mambo ya daftari yamepitwa na wakati, siku hizi tunatumia kompyuta." Kompyuta ikaulizwa. Ikasema hayupo. Kompyuta ile iliingia kiwandani mwaka juzi, ikanikuta nimekaa kwenye kiti changu cha masjala.

Nasema bila kumung'unya maneno: jalada langu limechukuliwa na mtu wa ndani, anayeijua masjala na kuaminiwa nayo. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Mtu huyo alilitoa, akalikalia, na kwa uzembe wake mzee mzima akafutwa kama chaki ubaoni. Yeye pengine wakati huu amelala usingizi wake wa raha, wala hajui alichokifanya.

Kwa hiyo naomba, na hili ndilo ombi langu kubwa kuliko yote, daftari lifunguliwe, saini isomwe, na mwenye saini hiyo afukuzwe kazi mara moja. Asipewe taarifa. Asihurumiwe kwa umri wake, wala kwa miaka aliyotumika, wala kwa sababu ana mke anayemtegemea. Asiruhusiwe hata kurudi ndani kuchukua kikombe chake. Mimi nimekuwa mtu wa subira maisha yangu yote, lakini kuna uzembe ambao ukiusamehe unauzaa upya.

Mwisho kabisa, ili nisikuchoshe, naomba mojawapo ya mambo mawili kabla ya Ijumaa saa sita. Ama nipewe cheti kinachosema kwamba nilifanya kazi kwenu. Ama nipewe cheti, chenye muhuri huohuo, kinachosema kwamba sikuwahi kufanya kazi kwenu, kwamba watumishi elfu mbili wa kiwanda hiki walijipanga wenyewe kwa herufi, na kwamba mke wangu alikuwa akimfungia chakula mtu mwingine. Mwalimu mkuu ni mtu makini. Nadhani chochote chenye muhuri kitamtosha.

Nisalimie wote waliobaki, na waliokuwa kwenye fungu la pili nao nisalimie ukikutana nao njiani. Bibi Birika mwambie chai yake naikumbuka, ila asimwambie mtu kwamba nimemtaja. Mlinzi mwambie barua za watu husomwa na wenyewe. Binti wa mapokezi mpe marahaba zake tatu, ambazo kwa hasira niliondoka bila kumpa. Na feni yako ipake mafuta, mwanangu, kabla haijakuangukia.

Wako katika utumishi ambao haujathibitishwa,

Mzee Jalada,
(aliyekuwa, kama kweli alikuwa, Mtunza Masjala).

N.B. Nilikuwa nimeshalamba bahasha. Lakini leo jua limetoka, la kwanza la maana tangu mvua hizi zianze miezi mitatu iliyopita, na mke wangu ameamua kuanika godoro. Alipolinyanyua akaniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo hulifanya tu pakiwa na msiba au nyoka.

Halikuwa nyoka. Kwenye mbao za kitanda, upande wa kushoto, chini kidogo ya bega, palikuwa na jalada lenye gamba jipya gumu.

Sasa nimekumbuka. Siku moja kabla ya kile kikao, niliona mende wamelila gamba la jalada langu. Sikutaka kumpa mtu mwingine kazi ya kulishona, maana watu hawana mkono. Nikalibeba nyumbani, nikalikatia gamba la katoni ya sabuni, nikalipaka gundi ya unga, nikaliweka chini ya godoro ligandamizwe linyooke. Kisha mkaniondoa, nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa, nikapanda kitandani nikalilalia. Naomba kukuarifu kwamba limenyooka vizuri sana.

Mke wangu amekaa chini uani, amecheka mpaka amejifuta machozi. "Baba wee, cha wenzio ki nguoni, chako kiko godoroni!" Safari hii hakuchelewa kucheka. Alilifungua mwenyewe, akasoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, miaka thelathini na mmoja yote, akaenda nalo barazani kumsubiri mdogo wake.

Kwa hiyo lalamiko la nne nalifuta. Ukipenda kuhakikisha, lifungue daftari jekundu, ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Utakuta tarehe na saini. Nilitia saini vizuri, maana kanuni ni kanuni. Ni saini yangu.

Kuhusu lalamiko la tano, naona utekelezaji ulitangulia ombi, na kila kipengele kilizingatiwa, hata kile cha kikombe. Nakushukuru kwa wepesi wa ofisi yako.

Kesho Alhamisi saa mbili asubuhi nitakuwa getini na jalada langu kwapani. Tafadhali mwambie mlinzi anifungulie bila kuniuliza limetoka wapi. Cheti bado nakihitaji, na hakihitaji maneno mengi. Andika tu kwamba alikuwepo.