Kura Moja ya Mzee Lukas

Kwaru, kwaru. Chaki juu ya mbao. Niliisikia nikiwa bado uani, kabla sijamwona mtu.

Jamani, leo nimejianika kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mzee Lukas, jirani yetu hapa Lundo, alikuwa anakoleza maandishi nyuma ya mlango wa sebuleni. Ndiko anakoweka matokeo ya chaguzi zake zote za udiwani. Alishindwa. Akashinda. Akashinda tena. Mwisho akaanguka kwa kura moja, hajagombea tena. Jumapili kuna ibada ya shukrani kwa ajili yake, akaniomba nimwandikie maisha yake yasomwe. (Mimi ndiye mwandishi wa kijiji. Hakuna aliyenichagua.)

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, usome. Ila Osmundi usimtaje."

Osmundi ni mdogo wake, nyumba ya pili. Jioni ya uchaguzi ule wa mwisho, mzee alikagua vidole vya ndugu na majirani kutafuta wino wa kupigia kura. Cha Osmundi kilikuwa kimefungwa kitambaa. Alisema amekatwa na wavu. Matokeo yakatoka, mzee akamhesabia yeye ile kura moja. Tangu hapo hawajasalimiana.

Nikasoma. Vizuri, nakiri. Mama Agnesi, mkewe, akaacha kuchambua dagaa. Nilipofika kwenye anguko nikashusha sauti:

"Asubuhi ile ya uchaguzi mimi mwandishi nilisimama Namswea, kahawa imechanua mlima mzima, nyeupe kama..."

"Namswea ipi?" mzee akauliza.

"Kwa bibi yangu, kule juu Mbinga."

"Asubuhi ya uchaguzi."

"Ndiyo, mzee." (Bado nilikuwa nawaza maua.)

"Ukarudi lini?"

"Jioni..."

Mama Agnesi akaweka ungo chini. "Mwanangu, si ulituonyesha kidole chenye wino?"

Nilionyesha. Wino wa kalamu, niliupaka garini nikirudi. (Ningeweza kuifuta sentensi ile. Niliipenda mno.)

Mzee hakunifokea. Heri angefoka.

"Miaka yote hii," akasema, "nimemnyima mdogo wangu salamu."

"Nilikwambia wavu unakata," mkewe akajibu.

Akatafuta kofia yake, akaipata, akatoka kuelekea kwa Osmundi. Hakuniambia niondoke wala nibaki.

Tafadhali msicheke. Alivuta mlango ukafungika nyuma yake, nikabaki natazamana na ile kura moja, chaki yake mbichi kabisa.