Hotuba ya Kuzindua Mtambo wa Kusukuma Vishada vya Ioni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tumearifiwa yuko njiani, Mwenyekiti wa Bodi na makamu wake wote wanne, Wakuu wa Idara, Wakuu wa Vitengo na wanaowakaimu walio likizo, wajumbe wa Kamati ya Jina la Mtambo na wajumbe wa Kamati ya Utepe, wanahabari, majirani zetu wa karakana ya kuchomelea vyuma, ambao tumewasihi wanyamaze kwa saa moja, dada yangu mkubwa uliyeketi safu ya mbele, mabibi na mabwana, kila mmoja kwa cheo chake na asiye na cheo kwa uvumilivu wake, shikamooni! (Wazee wanaitikia. Vijana wanacheka.)

Nimesimama mbele ya kitu hiki kikubwa kilichofunikwa kitambaa cha buluu nikiwa na furaha isiyo kifani, kwa kuwa baada ya miaka sita ya utekelezaji wa kimkakati, shirikishi na wa kidijitali, taasisi yetu inazindua Mtambo wa Kusukuma Vishada vya Ioni, ambao kwa tathmini niliyoifanya mimi mwenyewe na kuipitisha mimi mwenyewe umekamilika kwa asilimia tisini na nne nukta saba. (Makofi. Sauti ya mwanamke kutoka safu ya pili: "Mjomba, funua basi tuuone!" Vicheko.)

Huyo ndiye Mtaalamu wetu, binti wa dada yangu huyu, na nimeshamwambia mara nyingi kwamba hapa kazini mimi si mjomba, ni Mkurugenzi Mkuu. Alisomea vishada hivi ng'ambo miaka saba, na aliporudi nilimwambia, "Tulia, mwanangu, mtambo unakuja," naye akatulia, akapewa ofisi, kiti cha kuzunguka na koti jeupe ambalo mpaka leo halina doa. Sasa kuna maabara moja huko huko ng'ambo inamtaka, wanasubiri jibu lake leo kabla ya jioni, na amemwapia mama yake kwamba akiuona mtambo kwa macho yake anabaki, asipouona anakwenda zake. Mimi sitaki aende. Nalisema hilo kama Mkurugenzi Mkuu, na lile la ujomba mtaliongeza wenyewe. (Minong'ono. Dada mkubwa anakunja mikono.)

Sitawachosha kwa sayansi, ila kidogo. Mitambo mingi ya wenzetu husukuma ioni moja moja, jambo ambalo kwa mtazamo wa kiutawala ni ubinafsi. Sisi tunasukuma kishada kizima: atomi elfu mbili zimeshikana, na kati ya hizo elfu mbili yenye chaji ya umeme ni moja tu, kwa hiyo umeme unaivuta hiyo moja na nyingine zote zinaburutwa nyuma yake, na zote zinahesabika zimefika. Mtaalamu aliponieleza hivyo nilitokwa na machozi, maana ndivyo taasisi hii inavyoendeshwa. (Kicheko kirefu. Anayecheka kuliko wote ni Mkuu wa Utumishi.) Kishada hicho kikigonga bamba lenye mikwaruzo kinalilainisha mpaka unajiona uso, na majirani zetu wa karakana wawe mashahidi kwamba huduma hiyo haipatikani kwingine mtaani hapa. (Mtaalamu: "Kishada ni kizito, Mjomba, kuanza kinaanza pole pole. Sisi tumeanza lini?")

Swali zuri sana, na kwa uzuri wake tutaliundia kamati. Wenye macho wanaona tulikotoka. Tumeendesha semina arobaini na moja za kujenga uwezo. Tumetuma misafara tisa kwenda kukagua mitambo ya wenzetu, na kila tulipokwenda tuliukuta mtambo upo. Jina la mtambo limeboreshwa mara tano. Mlinzi wa mtambo, ambaye yuko zamu usiku na mchana, hajaripoti wizi hata siku moja, na hilo, ndugu zangu, ni utawala bora! (Mlinzi anapiga saluti.)

Basi tuseme wote kwa sauti moja. Vishada! (Umati: "Juu!") Ioni! (Umati: "Mbele!") Kasi! (Mtu mmoja nyuma: "Taratibu!")

Na kabla sijavuta kitambaa, shukrani. Namshukuru Mkuu wa Masjala, mama mwadilifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Fomu ya kuagiza mtambo ina kisanduku kinachodai namba iliyogongwa kwenye mtambo wenyewe, naye kwa miaka sita amekataa katakata kuituma fomu ikiwa na kisanduku kitupu, nasi kwa miaka sita tumeusubiri mtambo ufike ili tuisome hiyo namba, tuijaze, ndipo tuuagize. Nawashukuru pia watu wa kantini kwa kutuazima meza mbili na jokofu bovu, ambavyo chini ya kitambaa hiki vimependeza kuliko nilivyotarajia. (Mtaalamu anainuka, anachukua mkoba wake.)

Dada, usiniangalie hivyo. Nilidhani kweli mtambo utafika. Kila Jumatatu nilikuwa naulizia, nikiambiwa bado kisanduku kimoja tu, na ni nani asiyesubiri kisanduku kimoja? Naona aibu, dada. Naona aibu kubwa. Na wewe mwanangu, ngoja kwanza, usiondoke mikono mitupu. Cheti chako hiki hapa mezani, nimekisaini mwenyewe kwa wino mweusi, cha kuendesha mtambo huu miaka sita mfululizo bila ajali hata moja. Makofi kwake, jamani!

(Hakuna anayepiga makofi. Mtaalamu anarudi, anakipokea cheti kwa mikono miwili na kukisoma mpaka mwisho. "Ahsante, Mjomba," anasema. "Wale wa maabara ya ng'ambo waliniuliza kama nina uzoefu." Anambusu mama yake, anatoka.)