Karatasi Ambayo Hakuna Anayeisoma

Jumatatu, 2 Machi

Theluji tena. Magoti yanauma. Miaka thelathini na moja nyuma ya kaunta ya duka langu la dawa, na leo nimekula mchana nikiwa nimesimama, kama farasi.

Britta yuko nyumbani kwa likizo. Jana mezani katangaza: shule ya famasia ya mji wa Fargo imemkubali! Jibu linatakiwa Ijumaa. Mke wangu Marlys akalia kwa furaha. Mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Binti yangu wa pekee, ahesabu vidonge vitano vitano mpaka uzeeni! Agombane na watu wa bima! Aonyeshwe vipele vya watu hata akiwa sokoni, mbele ya viazi! Haiwezekani. Nina siku tano za kumwokoa, na asijue kwamba anaokolewa.

Mpango wa kwanza: nimemwomba anisaidie dukani wiki hii, ajionee. Nikamkabidhi simu ya bima. Wamekataa kulipia dawa ya pumu ya mteja. Muziki wa kusubiri, dakika arobaini na saba! Muziki ule uliwahi kuniliza mimi, mtu mzima. Britta akabana simu begani, akapanga rafu ya dawa za kikohozi, akaimba nao. Mtu wa bima alipopokea, wakaongea, wakacheka. Dawa imekubaliwa. Kumbe yule mwanamke anaitwa Denise. Nimegombana naye miaka tisa bila kumuuliza jina.

Jumanne, 3 Machi

Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu. Nimemkodi Clarence Odegaard, dalali mstaafu wa mnada wa ng'ombe. Sauti yake inasikika wilaya ya pili. Makubaliano: aje saa nne, anifokee kuhusu dawa zake, aitukane kazi yetu mpaka Britta achukie. Ujira: pai moja ya tufaha, kutoka kwa Marlys, ambaye hajui ni ya nini.

Alifika saa nne kamili. Alianza vizuri mno. Akapiga kaunta, akasema sisi ni wezi wa mchana kweupe, tunauzia watu machupa yasiyofunguka. Hilo la machupa hatukukubaliana. Nikadhani ni kipaji.

Britta akamuuliza kwa upole, hazifunguki vipi, babu?

Clarence akaangalia vidole vyake. Vimevimba, vimepinda kwa baridi yabisi. Kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, akasema ana wiki tatu hajameza kidonge cha presha. Kile kifuniko cha kuzuia watoto, cha kubonyeza ndipo uzungushe, kimemzuia yeye. Ameona haya kusema. Mtu aliyeshika mafahali kwa kamba, aombe msaada wa kufungua chupa?

Britta akampima. Presha iko juu, inatisha. Akampigia daktari, akapewa maelekezo, Clarence akameza kidonge pale pale na kukalishwa kitini mpaka tulipompima tena. Imeshuka kidogo. Daktari atamwona kesho asubuhi. Kisha Britta akatoa kile kifuniko, akaweka cha kawaida. Kazi ya sekunde mbili.

Na ni mimi niliyekuwa nikifunga vifuniko vile, mwezi baada ya mwezi. Sikumuuliza hata mara moja. Nimemshukuru Mungu chumba cha nyuma, peke yangu, na sioni aibu kuliandika.

Clarence ameondoka akimsifu Britta kwa sauti ya mnada, mtaa mzima. Pai kaichukua vilevile.

Jumatano, 4 Machi

Mpango wa tatu. Barua ya Fargo, pamoja na fomu ya kujibu, ilikuwa juu ya friji. Haipo tena. Iko dukani, ndani ya rundo la karatasi za maelezo ya dawa, zile tunazozibana kwa pini kwenye kila mfuko wa dawa. Kurasa nne za herufi kama sisimizi. Tangu nianze kazi hakuna aliyeniuliza hata mstari mmoja. Mahali salama kuliko benki! Jumamosi nitaitoa, tarehe imeshapita, niseme pole mwanangu.

Jioni. Balaa! Nilikuwa chumba cha nyuma nikimchoma mtu chanjo. Britta, mchapakazi, akafunga mifuko yote ya alasiri. Mifuko saba imeondoka na wateja. Barua imeondoka na mmojawapo.

Alhamisi, 5 Machi

Nimezunguka nyumba sita kwenye theluji, nikisingizia kwamba naangalia kama dawa zimeharibika kwa baridi. Kila nyumba kahawa. Kila nyumba biskuti. Kila nyumba ile karatasi iko kwenye pipa la taka, haijakunjuliwa. Niliumia kidogo.

Umebaki mfuko wa saba: Mama Opal Skarphol, miaka themanini na nne, mwalimu wangu wa darasa la nne. Yuko kwa dada yake, mji wa Minot, harudi mpaka kesho.

Nimekaa garini nje ya nyumba yake yenye giza. Nikamkumbuka Britta ana miaka sita, anahesabu peremende tano tano kwa kijiko changu cha kuhesabia vidonge, anamuuliza mwanasesere kama ana mzio wa chochote. Nikaogopa kwelikweli. Nilitaka abadili nia. Sikutaka kumwibia. Akikosa nafasi hii kwa mkono wangu, nitamtazamaje?

Ijumaa, 6 Machi

Saa tatu asubuhi Mama Opal akaingia, akasimama mbele ya kaunta, Britta yupo pembeni yangu.

Akasema yeye karatasi zake huzisoma zote, mara mbili. Ya mwezi huu ni ya ajabu. Badala ya kumwonya kuhusu kizunguzungu, inampongeza. Basi amejibu kistaarabu: anashukuru, ila kwa umri wake hawezi kuanza masomo Agosti. Ameitia posta jana.

Nikapiga yowe! Nikatapika yote: friji, rundo, pini, hata Clarence na pai. Nikamwomba Britta msamaha. Nikasema nitaendesha gari mpaka Fargo sasa hivi, nitawapigia magoti, haya haya mabovu.

Mama Opal akanitazama juu ya miwani, kama zamani. Akafungua mkoba, akaitoa barua. Nzima, safi, na fomu yake haijajazwa. "Arvid Tollefsrud," akasema, "tangu darasa la nne hujui kuficha kitu."

Na Britta? Anacheka mpaka kashika kaunta! Kumbe alishajibu kwa kompyuta tangu Jumapili, kabla hata hatujamaliza kula. Ile fomu ni nakala tu.

Nikakaa kwenye kiti cha kupimia presha. Nikamuuliza kwa nini ameichagua kazi hii, baada ya manung'uniko yangu yote? Akasema, "Baba, umelalamika tangu nizaliwe. Lakini hujawahi kuchelewa kufungua duka hata siku moja."

Akanipima. Presha safi, sijaiona hivyo kwa miaka kumi. Nimefurahi. Naandika tena: nimefurahi mno.

Jumamosi, 7 Machi

Nimejifunza. Sitaingilia tena maisha ya mtoto.

Ila leo imekuja barua nyingine ya Britta. Hospitali moja kubwa ya Fargo inamwita kazini wakati wa kiangazi. Hospitali! Wakati kaunta ya baba yake ipo hapa, na wazee wote wa mji huu wanamuulizia? Hapana. Ni lazima aipende kazi ya dukani, na aipende hapa.

Nimempigia Clarence. Jumatatu saa nne atakuja kusifu. Safari hii anataka pai mbili.

Barua ya hospitali nimeitia ndani ya boksi la kipimo cha sukari, chini ya kijitabu cha maelekezo. Kile ndicho kweli hakuna anayekisoma. Na nimehakikisha kwenye faili: Mama Opal hana kisukari.