Vidole Vyeupe vya Dada Pasi

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Kizibo hayupo, na nafasi yake wamempa mwanamke wa chumba cha pasi.

Niandike vizuri, ili nikizeeka nisome nielewe. Mimi ni mrushaji wa timu ya softiboli ya kiwandani kwetu, kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli na hospitali. Mrushaji hatari. Nilijipa jina la Radi. Wenzangu wananiita Domo. Wivu tu.

Kizibo alikuwa mdakaji wangu. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, anaficha mkono katikati ya mapaja, ananionyesha vidole. Kimoja, mpira wa kasi. Viwili, wa polepole, ule unaomfanya mpigaji azungushe rungu mapema kama anafukuza nzi. Vitatu, wa kuzama. Mimi nakubali kwa kichwa au nakataa kwa kichwa. Basi. Hakuna mpira uliompita. Jina lake lilitoka hapo.

Na mashuka tulikunja wote. Yeye pembe mbili, mimi pembe mbili. Tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Tunaimba tu wimbo wetu wa kipuuzi. Wanawake wa pasi walituita maharusi.

Siku moja, tukiwa katikati ya shuka, akaniambia amepata kazi gereji ya matairi, ni karibu na kwake na mkewe ni mjamzito. Nikacheka. Nilidhani ni utani. Wiki iliyofuata nikashika shuka peke yangu, pembe mbili zikawa zinafagia sakafu.

Leo Kocha, ambaye ndiye msimamizi wetu wa kazi pia, akamleta Dada Pasi. Mkubwa kwangu, hacheki ovyo, mikono imezoea mvuke. Ananiita mdogo wangu! Mbele za watu!

Akaonyesha viwili. Nikakataa. Vitatu. Nikakataa. Kimoja. Nikakataa, ingawa ndicho nilichokitaka. Heshima kwanza.

Akasimama, mkono kiunoni, akauliza kama kuna mpira wa nne ambao yeye hajaambiwa.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Nimeuchora kichwani usiku, hauna kasoro: Dada Pasi akiomba wa kasi, namrushia wa kuzama. Mpira unadunda, unampita, Kocha anaona kwa macho yake kwamba huyu si mdakaji, anakwenda mwenyewe gereji kumpigia Kizibo magoti.

Wa kwanza ulidunda. Aliuzuia kwa kifua. Wa pili, kwa goti. Wa tatu ukampita, nikaanza kushangilia kimoyomoyo, ukaenda moja kwa moja kwenye chupa ya chai ya Kocha.

Kocha akaitazama chai yake ikinywewa na vumbi. Hakupandisha sauti. Alisema Jumamosi tunacheza na gereji ya matairi, na nikirusha mpira mmoja tu ambao mdakaji hakuuomba, mpira anapewa Dereva mpaka mwisho wa msimu.

Dereva! Yule wa gari la mashuka! Anarusha kama anamwaga maji ya kuoshea vyombo!

Dada Pasi hakunisemea kitu kwa Kocha. Jioni akanikabidhi pembe mbili za shuka, tukakunja. Mimi nilikwenda kulia, yeye kushoto. Shuka likatoka na pembe tatu. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini hata mimi najua hiyo hesabu haipo.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili. Nimekwenda gereji mwenyewe.

Nilimkuta Kizibo chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Niliijua ile miguu. Akatoka mweusi tii kwa masizi ya matairi, akanikumbatia bila kunionea huruma, shati langu likaisha. Nimelitundika ukutani bila kulifua. Mtu wa kiwanda cha kufulia! Bibi aliyenilea akijua ataniua.

Nilimweleza kila kitu. Chai, vidole, "mdogo wangu". Alicheka mpaka akashikilia tairi. Halafu tukarushiana tambara lililoviringwa, uani kwao, kati ya matairi. Nikarusha, akadaka. Nikarusha, akadaka. Ile sauti ya kitu kuingia mkononi mwake na kutulia. Nilikuwa nimeisahau.

Nikamwomba arudi. Akasema mke anakaribia kujifungua, hapa anafika nyumbani kabla ya jua kuzama, harudi. Na Jumamosi atawachezea hawa.

Akaniuliza tu, kwa mazungumzo, kama bado tunatumia vidole vile vile. Nikamwambia vile vile! Sibadilishi hata nife! Akatabasamu, akanipiga begani.

Alifurahi sana. Rafiki wa kweli anaonekana hivyo. Wala sitakuwa na wasiwasi Jumamosi, Kizibo hawezi kuupiga mpira wangu. Hana huo moyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilimwambia Dada Pasi jinsi Kizibo alivyofurahi. Pasi ikamganda juu ya foronya. Kidogo iungue.

Akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema mchezaji wao akifika kituo cha pili anakuwa nyuma yangu na anaona vidole vyote vya mdakaji. Kizibo atakuwa amewafundisha wote. Watamfanyia mpigaji ishara, na mpigaji atajua kinachokuja kabla hakijaja. Kwa hiyo tunabadilisha: ataonyesha vidole mara tatu, na ya pili tu ndiyo ya kweli.

Nikakataa. Nikamwambia zile ishara tulizitunga mimi na Kizibo, nyuma ya nyumba ya Bibi, tukiwa watoto wa kaptula zilizochanika. Haziguswi.

Akaiweka pasi kando. Akasema, "Mdogo wangu, ishara ni za watu wawili. Mmoja ameondoka."

Nilikuwa na jibu zuri sana lakini nililihifadhi.

Jioni kwenye mazoezi alikuja amepaka kucha rangi nyeupe, za mkono wa kulia tu, ili nizione hata jua likizama. Nilimwuliza harusi ni lini. Timu nzima ikacheka. Yeye akachuchumaa, akavaa kinyago chake cha waya, akasubiri nimalize.

Ukweli, kucha zinaonekana vizuri. Za Kizibo zilikuwa na uchafu, mara nyingi nilikuwa nabahatisha. Hili sitalisema kwa mtu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa tatu, na huu ni wa kitaalamu. Nimekubali ishara mpya. Mdomoni. Moyoni nitarusha ninachotaka, na Kocha hatajua tofauti.

Jioni nilikaa uani na Bibi. Kile kisanduku cha kulengea mpira tulichokichora ukutani kwa mkaa bado kipo, kimefifia, mstari wa chini umefutwa na mvua. Kizibo alikuwa anachuchumaa pale na glovu aliyotushonea Bibi kwa kitambaa cha godoro. Ilikuwa inatoa pamba kila mpira ukiingia. Tukimaliza, uani kama kumechinjwa kuku.

Bibi akakumbuka sufuria yake, dirisha lake, na ndoo yake ya bluu. Akasema kila nilipovunja kitu mimi nilijificha chooni na Kizibo ndiye aliyekuja kuomba radhi. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya mdakaji, kudaka.

Akauliza huyu mpya yukoje. Nikasema mkaidi, hasikii. Bibi akasema afadhali, sasa mko wawili.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia sitaki kuuona.

Tulianza vizuri. Kucha nyeupe ziliomba, nikarusha. Nilikusudia kuasi tangu mwanzo, lakini wapigaji walikuwa wanakosa mara tatu na kutoka, mmoja baada ya mwingine, nikaona uasi unaweza kusubiri. Wao walipofika kituo cha pili walishika kofia, wakashika masikio, wakashika pua, na mpigaji wao akawatazama kama mtu aliyesomewa barua ya mtu mwingine.

Akaja Kizibo na rungu. Mara ya kwanza maishani kumwona akiwa upande huo wa kinyago.

Kucha zikaomba wa polepole. Mimi nilitaka wa kasi, niliutaka mpaka mifupa ikaniwasha. Lakini Kocha alikuwa amesimama, na Dereva alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono wake wa maji ya vyombo. Nikarusha wa polepole. Kizibo akazungusha rungu, mpira haujafika. Tena. Haujafika. Tena.

Ametoka! Kizibo! Uwanja mzima ukapiga kelele. Yeye akasimama anaitazama mikono yake kama kuna mtu amembadilishia. Hapo nikajisikia vibaya, vibaya kabisa. Nilikuwa nimemfanya Kizibo aonekane mgeni kwangu.

Zamu ya mwisho. Tunaongoza kwa moja. Wao wana mtu kituo cha pili na mwingine cha tatu, amebaki mpigaji mmoja tu wa kutoa ili tushinde, na anayekuja ni nani? Yeye.

Kucha zikaomba wa polepole. Nikakataa. Wa polepole. Nikakataa. Dada Pasi akaomba muda, akaja mpaka nilipo, akapandisha kinyago. Juu ya kifua, karibu na shingo, kulikuwa na alama ya mpira wangu wa Jumanne, imekuwa ya kijani.

Akasema taratibu, "Siombi unipende. Naomba unirushie wa polepole."

Nikaitikia kwa kichwa. Naapa niliitikia kwa nia njema. Lakini alipochuchumaa nikamwona Kizibo nyuma ya rungu, na nikaona kisanduku cha mkaa, na pamba ikiruka. Nikasema moyoni nampa wa kasi, ule wetu, mmoja tu, wa kuagana.

Kizibo aliupiga, ukapita juu ya paa la choo cha uwanja. Bado unakwenda.

Wao wote watatu wakamaliza mzunguko, tumefungwa. Kocha alichukua mpira mwingine akampa Dereva mkononi, mechi ikiwa imeshakwisha.

Nikamfuata Kizibo. Nikamwambia ameiba ishara, ni msaliti, tambara langu la Jumatano anirudishie. Akanishika bega, akasema hajaangalia ishara yoyote, wala hajawahi.

"Ukitaka wa kasi, unatoa ulimi. Tangu utoto. Mimi nilikuwa nasubiri ulimi, ndipo nionyeshe kidole unachokitaka."

Nilimwambia si kweli.

Akasema, "Leo, kwa mara ya kwanza, ulimi ulinidanganya. Ulimi wa kasi, mpira wa polepole. Nikajua umepata mtu unayemsikiliza. Nikafurahi, halafu nikaumia kidogo."

Akaenda kwa mkewe aliyekuwa amekaa kwenye kivuli. Njiani Kizibo alikuwa anaimba ule wimbo wa kipuuzi tuliokuwa tunakunjia mashuka.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nilikuwa uani narusha ukutani, mdomo nimeufunga kwa kitambaa ili ulimi usitoke. Bibi akauliza kama jino linauma.

Akaingia Dada Pasi na glovu. Hajawahi kufika kwetu. Akamwamkia Bibi, akapewa kigoda na maji, wakaelewana haraka kuliko nilivyopenda. Halafu akasema ameongea na Kocha jana mpaka Kocha akachoka. Nimepewa mechi moja. Moja tu, na kwa sharti kwamba kila mpira ataomba yeye, na nikiasi tena tunaondoka wote wawili, kwa sababu amenidhamini kwa nafasi yake mwenyewe.

Sijui alinidhamini kwa nini. Sikuuliza, nisije nikamkumbusha.

Nikaapa. Kwa jina la Bibi, kwa ndoo ya bluu, kwa kila kitu. Kuanzia leo vidole vyake ndivyo sheria. Nikavua kitambaa.

Akachuchumaa mbele ya kile kisanduku cha mkaa. Kucha nyeupe zikashuka. Viwili. Wa polepole.

Nikaangalia ukuta ule, na jua la asubuhi lilivyoupiga. Nikafikiri: hapa? Mahali hapa, wa polepole? Mmoja tu wa kasi, hatuko mechini, nani atajua?

Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

Kabla sijanyanyua mkono nikamwona anasogeza glovu, anakaza magoti, anajiweka tayari kwa wa kasi. Macho yake yako mdomoni kwangu, mabega yanatikisika kwa kicheko. Bibi naye kwenye kigoda anacheka.

Nikarusha. Ukaingia, ukatulia. Ile sauti.

Kizibo ilimchukua utoto mzima. Huyu wiki moja tu. Ninajua kufundisha, basi tu watu hawasemi.